Pini ya Kushoto

Jumatatu, 5 Agosti

Leo Ross Pengilly kavua kofia mbele yangu. Mtu akivua kofia katika banda la Wirrabilla, ama kuna maiti ama kuna mtu anafukuzwa kazi. Nikatazama huku na huku. Maiti sikuiona.

Ross ndiye bosi, mwenye kandarasi ya kunyoa kondoo wa shamba hili. Mimi ndiye ninayeshindilia sufu yake iwe marobota. Kasema huu ndio msimu wangu wa mwisho. Kisa? Mgongo wangu. Nikamuuliza mgongo wangu umemtukana lini. Kasema umetimiza sabini na moja, mzee, na robota halijui umri wa mtu. Kisha akanipigapiga begani, kama mtu anayempigapiga mbwa wake mkongwe kabla hajaenda kuchukua bunduki. Mtoto wa juzi huyu. Baba yake nilimfundisha mimi kuendesha lori. Lile alilolipindua.

Sasa shida ni chumba. Chumba changu nyuma ya banda ni cha mfanyakazi. Kazi ikienda, chumba kinakwenda. Nitabaki na mahali pamoja tu pa kwenda: mji wa Orange, kwa shemeji yangu Enid, ambaye huwavua watu viatu mlangoni na hataki bia ndani ya nyumba. Bora kaburi. Kaburini unaingia na viatu vyako.

Chakula hakikupita. Nilikula nyama ya kondoo sahani mbili tu.

Lakini mimi Darcy Quilkey sijazaliwa kushindwa na mtu wa kuvua kofia. Tukiwa mezani, Hemi Paraone alikuwa anasoma karatasi ya jimbo iliyobandikwa ukutani. Hemi ni Mmaori, kavuka bahari kuja kunyoa, na hakuna anayemfikia kwa kasi. Kusoma maneno ya serikali si fani yangu, haya yangu nayaandika kwa kubabaisha. Mimi na mwalimu wangu tulichokana mapema. Nikamwambia Hemi asome kwa sauti, miwani yangu imepotea. Sina miwani.

Karatasi inasema hivi. Wafanyakazi wana haki ya kumchagua mwenzao awe mwakilishi wa usalama. Mwakilishi anapelekwa mjini kusomeshwa, gharama za bosi. Akirudi anaweza kumwandikia bosi ilani, rekebisha hiki, na bosi lazima asikie. Anaweza kusema kazi isimame, ikasimama. Na bosi haruhusiwi kumfukuza kwa sababu ya kazi hiyo.

Nikamwambia Hemi arudie hapo mwisho. Akarudia. Nikamwambia tena. Akaniuliza, mzee, umekuwa kiziwi? Nikamjibu hapana, ndugu yangu, nasikia raha.


Jumatano, 7 Agosti

Nagombea. Nimetangaza wakati wa chai. Wamecheka sana, ishara kwamba wananipenda.

Tatizo ni Noelene Crisp. Naye anagombea. Noelene ni mchambuzi wa sufu. Manyoya yakitoka kwa mnyoaji yanatupwa kwenye meza yake, yeye anayapitisha vidoleni, anasema hii daraja la kwanza, hii la pili, hii jazieni godoro. Hata umfunge macho hakosei. Ndiyo maana anajiona.

Kasimama mbele za watu kasema mwakilishi wa usalama awe mtu anayejali viungo vya wenzake. Kasema akichaguliwa ataanza na mashine yangu, ile isiyo na lango.

Lango, lango. Miaka yote hiyo wimbo wake ni lango. Ngoja niandike ukweli hapa. Mashine yangu ni sanduku juu ya sanduku. Unajaza sufu, unavuta mtaimbo, bamba la chuma linashuka linaigandamiza sufu mpaka inalia. Kisha unatia pini mbili, moja kulia, moja kushoto, kulizuia bamba lisiruke juu. Ndipo unaingiza mikono na kufunga mdomo wa robota. Zamani mbele palikuwa na lango la nyavu za chuma, halifunguki mpaka pini zote mbili zimekaa. Linachelewesha kazi kama kuoa. Nikaling'oa. Sasa ndilo tunalochomea nyama Jumamosi, na hakuna wavu wa kuchomea ulio bora kuliko ule katika jimbo zima.

Nikamjibu Noelene palepale: mbavu za lango hilo umezila mwaka wa ngapi huu, dada, na mchuzi ukauomba tena? Banda zima likapasuka. Yeye hakucheka. Kasema, "Cheka tu, babu. Sufu iliyoshindiliwa ina hasira."

Ananifundisha msemo wangu mwenyewe. Mimi ndiye niliyeshindilia robota ambalo Waitalia walipolifungua kiwandani kwao liliezua paa. Walileta barua. Imepotea pamoja na miwani.


Ijumaa, 9 Agosti

Siku ya kura. Nusura niharibikiwe.

Alfajiri kulinyunya. Sasa, hapa kondoo wakiwa na unyevu hawanyolewi, wanyoaji wanasema unawaletea majipu na maumivu ya viungo. Na hakuna ubishi wala bosi kuamua. Kila mnyoaji ananyoa wawili, anapapasa, kisha kura ya siri: kila mtu kikaratasi kwenye kofia, wamelowa au wakavu. Wengi wakisema wamelowa, watu wanarudi kulala. Desturi hii imekuwepo kabla yangu, na mimi nimekuwepo muda mrefu.

Ross, kwa ubahili wake wa muda, kasema kwa kuwa kofia ipo na vikaratasi vipo, tupige kura zote mbili kwa pamoja. Akili za bosi hizo. Watu wakaandika wakiwa na usingizi. Zilipohesabiwa kura za mwakilishi wa usalama: Noelene tatu, mimi mbili, na Wamelowa nne.

Wakabishana kama Wamelowa ameshinda. Hemi kasema kwa maoni yake kondoo aliyelowa angefanya kazi nzuri kuliko mzee Darcy, angalau yeye hanywi. Watu wa kwetu hawana adabu.

Ross akaamua kura irudiwe baada ya chai. Hapo ndipo kichwa changu kilipofanya kazi. Nikapita mezani na birika, nawamiminia wanyoaji chai kama mama yao, nikawaambia kwa huzuni kubwa kwamba nimesikia mpango wa Noelene. Akishinda, kila mnyoaji atavaa buti la chuma mbele, kama watu wa migodini.

Wakaacha kutafuna. Mnyoaji na buti, Yesu wangu. Sakafu yetu ina mafuta ya sufu, unateleza kama sabuni. Mnyoaji anavaa viatu laini vya kushona kwa gunia au sufu, vyake mwenyewe, na hawezi kukuazima hata ukiwa ndugu yake. Mwambie avue suruali kwanza, ndipo umwambie avue viatu vile.

Noelene hajawahi kusema habari ya buti. Lakini hakuwa mezani. Alikuwa kwenye meza yake, anachambua.

Nimeshinda, sita kwa tatu. Na kondoo walikuwa wamelowa, kwa hiyo tumesherehekea kutwa. Ross kanipa mkono huku uso umemkunjana kama aliyemeza nzi. Nikamwambia, bosi mdogo, sasa mgongo wangu una serikali nyuma yake.


Jumanne, 13 Agosti

Niko mjini Dubbo, shuleni. Hoteli ina bwawa la kuogelea na mayai yasiyo na kikomo. Nafasi ilipatikana upesi, mtu mmoja aliugua. Mungu ambariki.

Darasani tuko wengi: nesi, dereva wa taka, mchinjaji, mama mmoja wa kiwanda cha mbao. Mwalimu ni kijana mpole, anaandika ubaoni, mimi nasubiri mahali pa ilani na pa kusimamisha kazi. Mengine nasinzia kwa heshima, macho wazi. Ufundi huo nilijifunza kanisani.

Leo kasema kila mtu achore mashine ya hatari kuliko zote kazini kwake. Mimi mchoraji. Nikachora mashine yangu mpaka misumari. Mwalimu akasimama nyuma yangu, akauliza, na hapa mbele, mzee, kizuizi kiko wapi? Nikamwambia kizuizi kinachoma nyama. Darasa likaanguka. Nikawapigia na hadithi ya Waitalia. Nesi akafuta machozi.

Mama wa mbao hakucheka. Aliweka mkono wake mezani karibu na mchoro wangu. Vidole viwili havipo. Aliuacha tu pale mpaka nikasogeza karatasi.

Kuna watu wanapenda kuharibu sherehe.

Mwalimu kasema jambo moja nimelishika. Kasema mwenye kujua hatari na asiyeisema ni sawa na aliyeitengeneza. Maneno mazuri. Nitamwambia Noelene, yule hajui kunyamaza wala kusema.


Jumatatu, 19 Agosti

Nimerudi na cheti na kijitabu cha ilani. Nikaanza kazi kabla ya kengele.

Ilani ya kwanza: mbwa wa Noelene analala njiani, mtu anaweza kujikwaa. Ya pili: kiti cha Noelene kinayumba. Ya tatu: redio ya Noelene, hatari kwa masikio. Noelene alizisoma zote polepole. Kaniuliza mashine nne za kunyolea hazijakaguliwa tangu mwaka jana, na lango langu nalo, vipi hivyo? Nikamwambia usalama unakwenda kwa foleni, mama.

Ross naye alizisoma. Akamwondoa mbwa. Nilihisi ninavyohisi nikivaa suti.

Baada ya chakula akaja na maneno matamu. Kasema kwa vile sasa mzee umesoma, sheria ya jimbo inataka kila anayegusa mashine awe amefundishwa na mtu anayeijua. Mashine ya kushindilia unaijua wewe tu. Ulipokuwa Dubbo Noelene alishindilia kwa kubahatisha, ikawa taabu. Mfundishe. Kisha tieni sahihi.

Nikanusa. Sikufika sabini na moja bure. Siku atakapojua mtu wa pili, huyo wa kwanza ni mzigo. Mwakilishi hafukuzwi kwa sababu ya uwakilishi, lakini karatasi ya ukutani haikusema lolote juu ya mgongo. Ross anataka niwe nimeshamfundisha mrithi wangu mwenyewe.

Nikamwambia kwa furaha, bosi.


Jumanne, 20 Agosti

Nimemfundisha. Nimefundisha vizuri sana, hata mimi nimejipenda.

Nilimwonyesha Noelene kuweka gunia, kujaza pembe kwanza, kuvuta mtaimbo kwa kiuno badala ya mikono, kutia pini, kufunga, kupiga chapa. Anashika upesi, lazima niseme. Ana nguvu kuliko anavyoonekana. Alikuwa anauliza maswali mpaka nikachoka: kwa nini hivi, kwa nini si vile. Mwishoni kaniuliza, babu, kuna kitu kingine chochote? Nikamwambia ndio hivyo tu, dada, umekuwa fundi.

Kuna kitu kingine kimoja. Pini ya kushoto.

Pini ya kushoto imelika. Ukiitia inaonekana imekaa, lakini haijakaa. Lazima uipige kwa kisigino, teke moja fupi, usikie inalia *tak*. Bila tak hiyo bamba linashikiliwa na pini moja na bahati. Hakuna anayejua isipokuwa mimi. Marehemu Snowy Tarrant, aliyenirithisha mashine, hakuniambia. Nilijifunza kwa kidole gumba, ndiyo maana hiki cha kushoto ni kifupi na kinatabiri mvua. Washindiliaji ndivyo tulivyo. Kila mtu ana siri yake ya mashine, anakwenda nayo kaburini. Ukiitoa umetoa mkate wako.

Tumetia sahihi, yeye na mimi. Yake nzuri. Yangu imekaa kama kuku aliyekanyaga wino.

Mpango: keshokutwa mgongo wangu utauma. Nitalala. Noelene atashindilia, bamba litalegea, marobota yatatoka yamevimba kama maandazi, na Ross atakuja chumbani kwangu kuvua kofia kwa adabu. Ataona nani ana thamani hapa.


Alhamisi, 22 Agosti

Mgongo uliuma kama ilivyopangwa. Nilijipaka dawa mpaka chumba kikanuka kama zizi la farasi wa mashindano. Ross alichungulia, kasema pumzika, mzee, Noelene yupo. Kasema kirahisi. Ilinichoma.

Chumba changu kiko karibu na banda na masikio yangu ni mazuri kuliko ya mbwa. Nikiwa kitandani nilikuwa nasikia kila kitu: mashine za kunyolea, mbwa, Hemi anaimba. Na mashine yangu. Nasikia mtaimbo ukishuka, pini ya kulia ikiingia, ya kushoto ikiingia. Tak hakuna.

Robota la kwanza, tak hakuna. Likapita. La pili, hakuna. Likapita. Huyu mama ana bahati ya ajabu. Nikasema moyoni hebu nisimame niende nikaseme. Nikaweka mguu mmoja chini. Sakafu ilikuwa baridi. Nikawaza: robota moja bovu, moja tu, Ross alione, halafu nitaingia kama mwokozi. Nikarudisha mguu.

Nikasikia mtaimbo ukiruka. Kisha mashine za kunyolea zikazimwa, moja baada ya moja. Banda halinyamazi hivyo katikati ya kazi.

Noelene hakulia kwa sauti. Hemi ndiye aliyekuwa anapiga kelele za kuitisha taulo.

Ndege ya madaktari imemchukua. Mkono wa kulia.


Ijumaa, 23 Agosti

Mkaguzi wa jimbo kafika mchana, Bi Dimitra Petrou, buti zake zina vumbi la safari, hatabasamu. Kafunga banda. Hakuna kunyoa. Wanyoaji wamekaa uani wanatazama ardhi.

Kamwuliza Ross nani mwakilishi wa usalama. Mimi. Nani aliyemfundisha majeruhi. Mimi. Lango liko wapi. Nikamwonyesha. Lilikuwa bado na mafuta ya Jumamosi. Nikamwambia mbavu za hapa hazina mfano, akirudi siku nzuri nitamchomea. Kalipiga picha.

Ross alikuwa mweupe kama karatasi. Kasema yeye ndiye bosi, lango angepaswa kuliona. Nikasema kweli kabisa. Kumsaidia.

Nikamweleza yule mama kwamba mafunzo nilitoa kamili, kwa njia ya kisasa kutoka Dubbo. Nikampa na hadithi ya Waitalia. Akangoja ikaisha. Kisha kasema, mzee wangu, nionyeshe unavyofanya wewe.

Kumbe kuonyesha ndiyo furaha yangu. Nikavua koti, nikasahau kwamba mgongo unaniuma. Nikajaza, nikavuta, pini ya kulia, pini ya kushoto, na mguu wangu ukapiga kisigino wenyewe. Tak.

Kauliza hiyo ilikuwa nini. Nikasema nini kilikuwa nini. Kasema mguu. Nikasema mazoea, kama wengine wanavyojikuna. Kasema basi rudia bila kujikuna, halafu ingiza mikono.

Nikatia pini. Nikasimama. Watu wote wa banda walikuwa wamekusanyika mlangoni. Mikono yangu haikukubali kuingia. Nilijaribu kuiamrisha. Miaka yote hiyo mimi na mikono hii, leo ndiyo kunivunjia heshima.

Bi Petrou kasema inatosha, mzee, toka hapo. Kasema kwa upole, na huo ndio niliouchukia.

Mlangoni watu walitawanyika. Hata tusi hakuna.


Jumapili, 25 Agosti

Hemi kanipeleka hospitali Dubbo. Sikumwomba, kasema panda gari. Njia nzima nilisimulia hadithi, yeye anaendesha tu.

Noelene kapoteza kidole cha shahada na cha kati. Kidole gumba kimebaki lakini hakihisi. Alikuwa amekaa kitandani, nywele zimechanwa, anajaribu kupapasa shuka kwa mkono wa kushoto. Anapapasa, anaacha, anapapasa tena mahali palepale.

Nikampa biskuti. Kasema asante, babu. Kisha kaniuliza jambo moja tu: ulikuwa unajua?

Nikamwonyesha gumba langu. Nikamwambia habari za Snowy Tarrant, na wa kabla yake aliyepoteza sikio, na kwamba hakuna mshindiliaji asiyelipa kitu, na sasa yeye ni mmoja wetu, ukoo mmoja. Nilifikiri atafarijika.

Kasema, "Mimi sikuwa mshindiliaji, babu. Mimi nilikuwa mchambuzi."

Akageukia dirishani. Nikakaa kidogo, nikala biskuti moja, maana zilikuwa zinakaa bure. Nesi akaja kasema mgonjwa apumzike.

Kurudi, Hemi alifungua redio kwa sauti ya juu tangu hospitali mpaka getini. Habari za bei ya ng'ombe. Hata hanyoi ng'ombe.


Jumatatu, 2 Septemba

Banda limefunguliwa. Mashine yangu imebebwa na lori, imelazwa chali kama kondoo wa kunyolewa. Mpya imekuja ya umeme. Ina lango lake, na ukilifungua kila kitu kinazimika. Imekuja na mtu wake, Trent Wozniak, kijana mwenye leseni, anavaa miwani ya kazi hata wakati wa chai.

Kura ilipigwa. Mwakilishi mpya ni Hemi. Mimi nimepata kura moja. Naijua ni ya nani, niliitia mwenyewe.

Lakini sikilizeni hili. Nilikwenda kwa Ross kumwuliza nifunge mizigo lini. Hakuvua kofia. Kasema wakili wake kamwambia asiniguse mpaka uchunguzi wa jimbo uishe, isije ikaonekana ananilipizia. Na uchunguzi unaweza kufika mwakani. Nibaki na chumba. Nifagie. Nisimguse mtu wala kitu. Kasema hayo akitazama juu ya kichwa changu, kama anasoma kitu kilichoandikwa ukutani.

Nimeshinda! Chumba ni changu. Nilisema nitashinda.

Saa ya chai nilikwenda na kikombe changu. Benchi letu lilikuwa na nafasi kubwa, nikakaa. Mmoja kakumbuka anataka kuona tairi ya gari lake. Mwingine kaenda kuwasha sigara, na havuti. Nikabaki na benchi zima. Raha, unanyoosha miguu.

Meza ya Noelene haina mtu. Wanayatupa manyoya pale, mchambuzi wa kuazima atakuja Alhamisi. Mbwa wake kalala chini yake, njiani kabisa. Hakuna aliyemwondoa.


Jumatano, 4 Septemba

Nafagia. Mtu mwenye ufagio haonekani, na asiyeonekana anaona.

Trent si mbaya, ila mwepesi kutaabika. Mashine yake inamsumbua. Kila akifungua lango inazimika, akifunga lazima aianzishe tena kwa vifungo vitatu, sufu inamrundikia, Ross anamzomea. Leo kaja hadi pembeni yangu, mtu wa kwanza kunisemesha tangu juzi, kasema wanasema wewe mzee ndiye uliyeijua kazi hii kuliko wote, hamna njia?

Nikaegemea ufagio. Nikamwambia mwanangu, mashine zote ni wanawake wa ukoo mmoja, kila moja ina pahali pake. Nikampa hadithi ya Waitalia. Kacheka mpaka miwani ikaanguka. Kijana safi kabisa.

Walipokwenda kula nikaikagua. Pembeni ya lango kuna kijicho kidogo cha chuma, ndicho kinachojua kama limefungwa. Ukikifunga kwa waya kidogo na kipande cha bati, kinadhani lango limefungwa siku zote. Mashine haizimiki kamwe. Nimejaribu mara moja. Inakwenda kama upepo.

Nimekifungua tena, waya uko mfukoni mwangu. Kesho nitamwonyesha Trent aone mwendo wake.

Namna ya kuisimamisha ikiwa hivyo, hiyo sitamwonyesha. Lazima na mimi nibaki na changu.